Saa za Darasani na Uzoefu wa Kazini: Maendeleo Endelevu ya Kitaaluma kwa Wasimamizi wa Miradi katika Eneo la Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maendeleo endelevu ya kitaaluma yanavyofanya kazi katika taaluma ya usimamizi wa miradi, na kwa nini utaratibu uliozoeleka wa kuhesabu saa za mafunzo hautoshelezi mahitaji ya miradi ya umma nchini Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba upungufu mkubwa hauko katika uchache wa semina, bali katika kufungamanisha ujifunzaji na uhai wa mradi mmoja. Mradi unapofungwa, kitengo chake huvunjwa, na kilichojifunzwa hutawanyika pamoja na watu wake. Makala yanapendekeza mfumo unaomfuata mtaalamu katika maisha yake yote ya kazi, unaopima ushahidi wa maamuzi badala ya mahudhurio, na unaokipa Kiswahili nafasi ya kuwa lugha ya kumbukumbu na ya tathmini.

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Maziwa Makuu, sehemu kubwa ya huduma mpya za umma huwafikia wananchi kwa njia ya miradi. Barabara, mabwawa ya umeme, vituo vya afya, skimu za umwagiliaji na mifumo ya maji hujengwa kwa fedha zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa, mara nyingi chini ya kitengo kilichoundwa kwa kazi hiyo pekee. Anayesimama katikati ya mfadhili, mkandarasi, mshauri elekezi, wizara na wananchi ni msimamizi wa mradi. Ubora wa maamuzi yake hauonekani katika ripoti tu; huonekana katika maisha ya watu.

Suala la fidia linalidhihirisha jambo hili. Mradi unapotwaa ardhi, hutangazwa tarehe ya ukomo, na kwa kawaida majengo au mazao ya kudumu yanayoongezwa baada ya tarehe hiyo hayahesabiwi katika fidia. Msimamizi akikadiria kwamba malipo yatakamilika katika miezi sita, kisha yakachukua miaka miwili, kaya iliyothaminiwa hukaa muda wote huo bila kupanda migomba mipya wala kupanua nyumba, ilhali bei ya ardhi ya kuhamia inapanda. Kosa la makadirio lililofanyika ofisini hulipwa na mkulima. Kwa sababu hiyo, swali la namna wasimamizi wa miradi wanavyoendelea kujifunza baada ya kuajiriwa haliwahusu wanataaluma peke yao. Ni swali la sera ya umma.

Sehemu zinazofuata zinaeleza kwanza dhana yenyewe, kisha mifumo ya kimataifa inayoiongoza, halafu namna muundo wa miradi ya eneo hili unavyopoteza ujuzi. Baada ya hapo inajadiliwa nafasi ya lugha, yanatolewa mapendekezo, na yanapimwa mapingamizi yanayoweza kutolewa dhidi yake.

2.0 Dhana ya Maendeleo Endelevu ya Kitaaluma

Maendeleo endelevu ya kitaaluma ni ujifunzaji wa makusudi, wenye mpango na kumbukumbu, anaoufanya mtaalamu baada ya kumaliza elimu yake ya awali ili kudumisha na kukuza umahiri wake. Dhana hii inatofautiana na mafunzo kazini kwa namna mbili. Kwanza, mafunzo kazini hupangwa na mwajiri kwa mahitaji yake, ilhali maendeleo endelevu humilikiwa na mtaalamu mwenyewe, hata anapobadili mwajiri. Pili, mafunzo kazini huisha siku ya kufungwa semina, ilhali maendeleo endelevu hudai uthibitisho kwamba kilichofundishwa kimebadilisha utendaji.

Msingi wa kinadharia wa dhana hii umejengwa na wanazuoni kadhaa. Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mtaalamu anayetafakari, alionyesha kwamba umahiri hauzaliwi na kanuni za darasani pekee, bali pia na tafakuri anayoifanya mtaalamu wakati wa kutenda na baada ya kutenda. David Kolb, mwaka 1984, aliueleza ujifunzaji kuwa mzunguko wa hatua nne: kupitia tukio halisi, kulitafakari, kulitolea dhana ya jumla, na kuijaribu dhana hiyo katika tukio jipya. Mzunguko huo ukikatika mahali popote, kinachobaki ni kumbukumbu ya tukio, si ujuzi.

Kwa msimamizi wa miradi, mzunguko huu una sura mahususi. Anakadiria muda na gharama, anatekeleza, anaona tofauti kati ya makadirio na matokeo, anatafuta sababu, kisha anaitumia sababu hiyo katika makadirio mengine. Hatua ya mwisho humhitaji awe na mradi mwingine, na awe bado na kumbukumbu za mradi uliotangulia. Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

3.0 Namna Mifumo ya Kimataifa Inavyohesabu Ujifunzaji

Taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutoa cheti cha PMP, ambacho kilianza kutolewa mwaka 1984 na kinatambuliwa na waajiri wengi duniani. Mwenye cheti hicho hutakiwa kukusanya alama 60 za maendeleo ya kitaaluma kila baada ya miaka mitatu, na kwa kawaida saa moja ya shughuli ni sawa na alama moja. Alama zisizopungua 35 lazima zitokane na elimu, zikigawanywa katika maeneo matatu: mbinu za kazi, stadi za kuongoza watu, na uelewa wa malengo ya shirika. Alama zisizozidi 25 zinaweza kutokana na kuichangia taaluma, kwa mfano kufundisha, kuandika au kujitolea. Ndani ya hizo, alama zinazoweza kudaiwa kwa kufanya kazi yenyewe ya usimamizi hazizidi 8.

Uwiano huo unastahili kutazamwa kwa makini. Msimamizi aliyeshughulikia bwawa au barabara kwa miaka mitatu mfululizo anaweza kudai alama 8 tu kati ya 60 kwa kazi hiyo, hata kama ndiyo iliyomfunza zaidi. Mwenzake aliyehudhuria mihadhara ya mtandaoni kwa saa 60, bila kusimamia chochote, anatimiza sharti kikamilifu. Hili si kosa la hesabu. Ni matokeo ya uamuzi wa kupima kinachopimika kwa urahisi. Saa ya mhadhara ina orodha ya mahudhurio, ilhali saa ya tafakuri haina.

Mifumo mingine imechagua njia tofauti kiasi. Chama cha APM cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1972 na kupewa hati ya kifalme mwaka 2017, hudai saa 35 za maendeleo ya kitaaluma kwa mwaka na kumtaka mwanachama aonyeshe alichojifunza. Shirikisho la IPMA lenye asili ya Ulaya hugawa wataalamu katika ngazi nne za umahiri, kuanzia D hadi A, na ngazi za juu huhitaji ushahidi wa miradi iliyosimamiwa na mahojiano na watathmini.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa watunga sera wa eneo hili unatoka katika uhasibu. Kwa miaka mingi, kiwango cha kimataifa cha elimu ya wahasibu namba 7 kilihusishwa na saa 120 katika kila miaka mitatu. Toleo lililorekebishwa, lililoanza kutumika mwaka 2020, linaruhusu vyama vya wahasibu kupima kwa matokeo ya ujifunzaji, kwa saa, au kwa kuchanganya vyote viwili. Vyama vya wahasibu vya Uganda na Rwanda ni wanachama wa shirikisho la kimataifa la wahasibu, na kwa hiyo tayari vinaishi ndani ya mjadala huu. Wahasibu wameonyesha kwamba kuhama kutoka saa kwenda matokeo kunawezekana bila kuvunja taaluma.

4.0 Uhai wa Mradi na Upotevu wa Ujuzi

Hata mfumo ulio bora wa alama hauwezi kufidia kasoro ya kimuundo iliyomo katika miradi ya umma. Kitengo cha utekelezaji huundwa mkataba wa fedha unapoanza kutumika. Wataalamu wake huajiriwa kwa mikataba ya muda. Miezi ya mwisho ya mradi, ambayo ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko yote, ndiyo pia miezi ambayo kila mtaalamu anatafuta kazi nyingine. Siku ya kufunga mradi, magari hukabidhiwa, samani huhesabiwa na akaunti hufungwa. Ujuzi haumo katika orodha ya makabidhiano.

Mradi wa umeme wa Maporomoko ya Rusumo unasaidia kuona ukubwa wa kinachoweza kupotea. Mradi huu uko katika Mto Kagera, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania, na unamilikiwa kwa pamoja na nchi hizo mbili na Burundi. Una uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa nchi tatu. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili yake mwaka 2013. Ilitarajiwa kwamba ungekamilika mwaka 2020, lakini mitambo yake ilianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Aliyefanya kazi katika mradi wa aina hii amekutana na maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada: namna ya kuoanisha taratibu za ardhi za nchi zaidi ya moja, namna ya kupanga ratiba ya njia za kusafirisha umeme zinazojengwa chini ya ufadhili tofauti na ule wa kituo, na namna ya kupata uamuzi mmoja kutoka kwa serikali tatu zenye kalenda tatu za bajeti. Ujuzi huo ni adimu, na eneo zima litauhitaji tena.

Nchini Uganda, bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilianza kujengwa mwaka 2013, likapangwa kukamilika mwaka 2018, na likazinduliwa rasmi mwaka 2024. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo 296 ziko Uganda. Miradi hii haifanani kwa teknolojia, lakini inafanana kwa maswali ya ardhi, fidia, uagizaji wa vifaa, usimamizi wa wakandarasi wa kigeni na uratibu wa wizara. Makadirio ya mradi mmoja yangepaswa kuanzia pale matokeo ya mwingine yalipoishia.

Tatizo hili si la Afrika pekee. Bent Flyvbjerg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walichunguza miradi 258 ya miundombinu ya usafiri katika nchi 20 na kubaini kwamba takriban miradi 9 kati ya 10 ilizidi gharama zilizokadiriwa. La kushtua zaidi ni kwamba kiwango cha kosa hakikuwa kimepungua katika kipindi cha miaka 70. Taaluma nzima ilikuwa imeongeza vyeti, vitabu na programu za kompyuta bila kuongeza usahihi wa makadirio. Dawa aliyoipendekeza Flyvbjerg, akijenga juu ya kazi ya Daniel Kahneman na Amos Tversky, ni kuanza makadirio kwa kuangalia matokeo halisi ya miradi inayofanana, kabla ya kutazama upekee wa mradi uliopo. Dawa hiyo inahitaji kitu kimoja: kumbukumbu za kuaminika za miradi iliyopita.

Ni kweli kwamba ripoti za ukamilishaji huandikwa. Benki ya Dunia, kwa mfano, huandaa ripoti ya ukamilishaji na matokeo baada ya kufungwa kwa kila mradi, yenye sehemu ya mafunzo yaliyopatikana. Ripoti hiyo ni ya manufaa kwa taasisi inayofadhili. Lakini hueleza mafunzo kwa upana unaofaa bodi ya benki, si kwa undani unaomfaa ofisa wa fidia atakayeanza kazi katika wilaya nyingine. Kusema kwamba «maandalizi ya mapema ya uhamishaji wa watu ni muhimu» ni kweli isiyosaidia. Kinachosaidia ni kujua kwamba uhakiki wa umiliki ulichelewa kwa sababu warithi waliishi nje ya nchi, na kwamba muda uliohitajika kuwapata ulikuwa mara tatu ya ule uliopangwa.

5.0 Lugha ya Ujifunzaji

Mtihani wa PMP hutolewa katika lugha kadhaa, zikiwamo Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Kwa msimamizi mkuu aliyesoma chuo kikuu kwa Kiingereza mjini Kampala au kwa Kifaransa mjini Bujumbura, hili huenda lisiwe kikwazo. Lakini mradi hausimamiwi na mtu mmoja. Msimamizi wa eneo la ujenzi, ofisa ugavi, mratibu wa jamii na mkaguzi wa kazi ni washiriki wa maamuzi ya kila siku, na wengi wao hutumia Kiswahili wanapovuka mpaka wa lugha za nyumbani. Huko Goma na Bukavu, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha fundi, mfanyabiashara na ofisa.

Hadhi ya kisheria ya lugha hii imeimarika. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikubali mwaka 2021 Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka huohuo Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya. Hata hivyo, hadhi hiyo haijashuka hadi kwenye daftari la vihatarishi wala kwenye muhtasari wa kikao cha eneo la ujenzi.

Athari yake kwa ujifunzaji ni ya moja kwa moja. Mtu hutafakari kwa kina katika lugha anayoimudu. Mratibu wa jamii anayelazimika kuandika mafunzo ya kazi yake kwa Kiingereza kisichomtii huishia kunakili misemo ya ripoti zilizopita. Hivyo, taarifa iliyo sahihi zaidi kuhusu sababu za ucheleweshaji hubaki katika mazungumzo ya mdomo, na hufa nayo. Istilahi za msingi zipo na zinatumika: upembuzi yakinifu, mpango kazi, kihatarishi, mshauri elekezi, hati ya madai, ufuatiliaji na tathmini. Kinachokosekana ni mahali rasmi pa kuzitumia.

6.0 Mfumo Unaopendekezwa

Mapendekezo manne yanafuata kutokana na uchambuzi huu.

Kwanza, kila mtaalamu awe na daftari la maendeleo ya kitaaluma linalomfuata kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Daftari hilo lisajiliwe na chombo cha kitaaluma au cha umma, si na mwajiri wa muda. Kila ingizo lijibu maswali manne: nini kilikadiriwa, nini kilitokea, sababu ilikuwa ipi, na ni uamuzi gani utakaobadilika katika kazi ijayo. Ingizo la ukurasa mmoja linatosha. Ofisa wa fidia anayeandika kwamba alipanga siku 30 za uhakiki, zikawa 95, na kwamba kuanzia sasa ataanza kuwatafuta warithi kabla ya uthamini, ametimiza mzunguko wa Kolb na kumwachia mwenzake urithi.

Pili, maingizo yahakikiwe na wanataaluma wenzake, na yapewe uzito unaolingana na mafunzo ya darasani. Haipendekezwi semina zifutwe. Msimamizi anahitaji kufundishwa sheria mpya za ununuzi au programu mpya za ratiba, na darasa ndilo mahali pake. Kinachopendekezwa ni uwiano: angalau nusu ya kipimo cha maendeleo endelevu itokane na ushahidi wa kazi uliohakikiwa, ukiandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza, kwa hiari ya mwandishi.

Tatu, makabidhiano ya ujuzi yawe sharti la kufunga mradi. Bajeti ya kila mradi itenge wiki chache za mwisho kwa kazi hiyo, na wizara yenye dhamana ya mipango ihifadhi maingizo katika hazina moja yenye faharasa ya shughuli: fidia, ununuzi, msingi, usafirishaji wa mitambo. Timu ya mradi mpya itakiwe kuonyesha, katika andiko lake, ni maingizo yapi iliyasoma na yalibadilishaje makadirio. Sharti hili la mwisho ndilo kiini cha mfumo mzima, kwa kuwa hazina isiyosomwa ni ghala tu.

Nne, utambuzi uvuke mipaka. Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana sifa za kielimu na za kitaaluma. Makubaliano ya kutambuana yamekwisha kusainiwa kwa wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi. Usimamizi wa miradi haujafikia hatua hiyo, kwa sababu katika nchi nyingi si taaluma yenye bodi yake ya usajili. Daftari linalofanana katika nchi zote lingeweza kuwa hatua ya kwanza, kabla hata ya bodi kuundwa.

7.0 Mapingamizi na Mipaka

Pingamizi zito zaidi si la gharama bali la hofu. Anayeandika kwamba makadirio yake yalikosea anaweza kuona maandishi hayo yakigeuzwa ushahidi dhidi yake. Pasipo kinga, daftari litajaa mafanikio, na mafanikio hufundisha machache. Kwa hiyo sera itofautishe kosa la makadirio na ubadhirifu. Kosa la makadirio lililoripotiwa na mhusika lisiwe msingi wa adhabu, na maingizo yawekwe katika hazina bila jina la mwandishi. Ubadhirifu ubaki mikononi mwa wakaguzi na mahakama. Usafiri wa anga umekuwa na utaratibu wa namna hii wa kuripoti makosa bila adhabu kwa miongo kadhaa, na usalama wa abiria umenufaika.

Pingamizi la pili ni thamani ya cheti sokoni. Wafadhili na wakandarasi wa kimataifa wataendelea kudai PMP au vyeti vinavyofanana nacho, na msimamizi kijana hawezi kushauriwa avipuuze. Mfumo unaopendekezwa hauvipingi. Maingizo yaliyohakikiwa yanaweza kuwa msingi wa mihadhara na maandishi yanayokubalika katika sehemu ya kuichangia taaluma, ambayo ina nafasi ya hadi alama 25. Kwa njia hiyo mtaalamu hufanya kazi moja na kupata faida mbili.

Pingamizi la tatu ni muda. Msimamizi mwenye shughuli nyingi hatapenda fomu nyingine. Ndiyo maana ingizo limewekewa ukomo wa ukurasa mmoja, na ndiyo maana linapaswa kuchukua nafasi ya baadhi ya saa za semina, si kuongezwa juu yake.

8.0 Hitimisho

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mradi ni koleo: una siku yake ya kuanza kazi na siku yake ya kuwekwa chini. Uhunzi ni taaluma, nayo huishi kwa watu na kwa kumbukumbu zao. Sera za sasa zimelitunza koleo na kuusahau uhunzi. Zimehesabu saa za mafunzo na kuacha uzoefu wa gharama kubwa upotee kila kitengo kinapovunjwa.

Makala haya yameonyesha kwamba kurekebisha hali hiyo hakuhitaji taasisi kubwa mpya. Kunahitaji daftari linalomfuata mtaalamu, uhakiki wa wenzake, sharti la kusoma kabla ya kukadiria, kinga kwa anayesema ukweli, na ruhusa ya kuusema kwa Kiswahili. Kipimo cha mafanikio yake hakitakuwa idadi ya vyeti. Kitakuwa siku ambazo kaya iliyothaminiwa inasubiri malipo yake, na iwapo siku hizo zinapungua kutoka mradi mmoja hadi mwingine.